Majuma Matano ya Royston Entwistle

"Yeeeeeh" moja tu, ndefu, ilitoka katika ukumbi wa kanisa la Wamethodisti jioni moja ya mwaka 1963, ikapita ukuta wa mawe, ikavuka barabara, ikamkuta Noreen kwenye foleni ya chipsi. Hiyo ndiyo iliyobaki kichwani mwake maisha yake yote. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na minne kati ya hiyo alikuwa ameimaliza katika kiwanda cha nguo cha Ollerdale, kwenye chumba kimoja chenye mitambo ya kufuma mia mbili na arobaini. Masikio yake yalikwisha kuchoka. Vijana wa mji walikuwa wakimtongoza kwa sauti ya chini, kama vijana wafanyavyo, na yeye hakuwa amemsikia hata mmoja.

"Nani huyo anayechinjwa?" aliuliza mwenye chipsi.

"Simjui," alisema Noreen. "Lakini nimemsikia."

Baada ya miaka miwili wakaoana.

Royston Entwistle alikuwa mshonaji katika kiwanda cha ndara za nyumbani, na mwimbaji wa bendi ya roki ya watu wanne iliyoitwa Mabwana wa Masizi. Alikuwa mwembamba, na mama yake alizoea kusema kwamba mwanawe akifungua kinywa chote, mtu aliyekaa safu ya mbele anaweza kuona alichokula juzi. Bendi ilikwenda London ikatoa santuri moja. Redio ilikuwa ikipiga nyimbo arobaini bora za juma. Wimbo wao ulifika nafasi ya arobaini na moja, ukakaa hapo majuma mawili, kisha ukashuka. Mpiga ngoma akaenda kuuza mazulia. Mpiga gitaa akaokoka. Mpiga besi alioa Mjerumani walipokuwa wakipiga muziki Hamburg, akabaki hukohuko, na kila Krismasi aliwatumia soseji.

Royston alirudi kwenye ndara. Ijumaa na Jumamosi aliimba katika klabu za wafanyakazi, kuanzia mabondeni hadi Blackpool huko pwani, miaka kumi na mitatu, kwa koti lilelile la ngozi, ambalo Noreen alilifumua na kulipanua ubavuni mara mbili. Katika klabu hizo watu huzungumza mwimbaji akiimba. Akifika pale wimbo unapopanda, katibu wa burudani humnyang'anya kipaza sauti na kutangaza, "Samahani, Roy. Pai zimefika." Watu huinuka, hupanga foleni, na mwimbaji husubiri.

"Hawanichukii," Royston alimwambia mkewe. "Wana njaa tu."

Mwaka 1977 majani yakipukutika, sauti yake ilianza kukatika katikati ya nyimbo. Daktari mmoja huko Manchester alichungulia kooni akaona kinundu kwenye uzi wa sauti, na mwezi wa Januari akakikata. Alimwamuru akae majuma matatu bila neno lolote, hata la kunong'ona, kisha aanze kusema kidogo kidogo. Sauti huenda ikarudi, alisema, huenda isirudi. Aliyasema hayo kama mtu anayesoma ratiba ya mabasi.

Tatizo lilikuwa makatibu wa burudani. Januari ndio mwezi wao wa kupanga waimbaji wa kiangazi, na habari ya mwimbaji mwenye koo bovu hufika kila klabu kabla yeye mwenyewe hajashuka kwenye basi. Kwa hiyo mume na mke walikubaliana kusema uongo. Noreen alikwenda kumwona Wilf Duckworth, katibu wa klabu ya Ollerdale, akamwambia Royston ameng'olewa meno.

"Meno?" alisema Wilf. "Mangapi?"

"Yote."

"Yote? Maskini wa Mungu. Mpaka Pentekoste atakuwa tayari?"

"Atakuwa tayari."

Wilf akamwandika kila Jumamosi, kuanzia Pentekoste hadi Septemba.

Nyumbani ukimya haukuwasumbua. Katika chumba cha mitambo hakuna anayesikia kitu, kwa hiyo wafumaji huzungumza kwa midomo. Hutamka kila neno bila sauti, kinywa wazi, mashavu yakifanya kazi, na mwenzao aliye mwisho wa chumba huelewa yote, hata umbea. Royston alilelewa na mfumaji. Aliijua lugha hiyo kabla ya kujua kusoma. Yeye na Noreen waligombana majuma matatu mazima kuhusu makaa, kuhusu dada yake Noreen, kuhusu dirisha la chooni, bila sauti yoyote isipokuwa ya birika. Majirani walidhani wamepatana.

Juma la tatu likaisha. Asubuhi, mezani, Noreen alimwambia kwa midomo, "Leo umeruhusiwa."

"Kesho," Royston alijibu, naye kwa midomo.

Kesho yake alisema kesho. Juma la nne lilipita hivyo, likawa la kesho tupu.

Jumapili ya juma hilo walikwenda klabuni mchana, kama kila mtu. Kijana mmoja wa Accrington alikuwa akiimba jukwaani. Noreen alikaa meza ya karibu na jiko pamoja na Hilda, mke wa Wilf, ambaye alifuma naye miaka kumi na moja. Royston alisimama kaunta na wanaume wenzake, glasi mkononi, kinywa kimefungwa kama mtu asiye na meno, ukumbi mzima ukiwa kati yake na mkewe.

"Jaribu neno moja tu," Noreen alimwambia kwa midomo. "Hapa kuna kelele, nani atakusikia?"

Royston alitazama glasi yake. Kisha akainua kichwa, akafungua kinywa chote, kile cha safu ya mbele, akasema bila sauti, "Naogopa. Daktari alikata, na sijui alibakisha nini. Nikijaribu isipotoka, mimi nitakuwa nani? Mshona ndara. Bora nisijue."

Alikuwa amesahau mahali alipo. Kiwanda cha Ollerdale kilikuwa kimefungwa miaka miwili nyuma, na wanawake waliotoka humo hawakuwa na pengine pa kwenda Jumapili mchana. Walikuwa ukumbini thelathini na wanne. Wanaume waliendelea kubishana kuhusu mpira. Kwenye meza za wanawake mazungumzo yalikatika, meza baada ya meza, mpaka kijana wa Accrington akadhani hatimaye wimbo wake umewagusa.

Hilda aliweka uma chini.

"Kwa hiyo siyo meno."

"Siyo meno," alisema Noreen.

"Tangu lini?"

"Januari."

Noreen alimtazama. Kiangazi chote cha mumewe kilikuwa mikononi mwa mwanamke huyu. "Utamwambia Wilf?"

"Shoga, mimi na Wilf hatujazungumza jambo la maana tangu wampe kile kipaza sauti. Kula pai yako, itapoa."

Mwanamke wa meza ya nyuma aliinama mbele akamgusa Noreen begani. "Na alichosema juu ya kofia yangu Jumapili iliyopita nilikiona vilevile," alisema. "Mfikishie."

Juma zima lililofuata hakuna mwanaume wa Ollerdale aliyejua lolote. Wanawake walipokutana na Royston dukani walimuuliza hali ya meno, kwa sauti, mbele ya watu, na walimuuliza kwa upole ambao haukumfurahisha hata kidogo.

Jumapili ya tano akakubali kukaa meza ya mkewe. Baada ya pai ikaja bingo, mchezo wa kuweka alama namba za kadi zinaposomwa.

Ukumbi ule unaoongea kila mwimbaji anapoimba hunyamaza kwa ajili ya bingo. Watoto wachanga hupelekwa nje. Mtu akipiga chafya hutazamwa. Zawadi siku hiyo ilikuwa paja zima la nguruwe, lililowekwa jukwaani juu ya kiti, na sheria ni ileile iliyotundikwa ukutani tangu watu wapigane mwaka 1931: namba zako zikitimia, useme "Imejaa" kwa kinywa chako mwenyewe kabla namba inayofuata haijasomwa. Mke hawezi kukusemea, wala jirani.

Wilf alitumbukiza mkono kwenye mfuko wa namba. Alisoma polepole, miwani ikiwa ncha ya pua. Noreen aliacha kadi yake akaanza kuitazama ya Royston. Ilibaki namba moja.

"Bata wawili," alisema Wilf, maana mbili huandikwa kama bata. "Ishirini na mbili."

Royston aliiwekea alama. Akafungua kinywa na kusema "Imejaa" kwa midomo, kwa mazoea ya majuma matano.

Wanawake thelathini na wanne waliliona neno hilo. Hakuna aliyefanya kitu, isipokuwa Hilda, aliyekohoa.

"Mwenye kikohozi atoke nje," alisema Wilf bila kuinua kichwa, na mkono wake ukarudi mfukoni.

Noreen alikuwa na sauti ya kutosha kuangusha paja lile kutoka kitini. Aliweka viganja chini ya mapaja yake akavikalia. Mkono wa Wilf ulitoka na namba. Aliifuta kwa kitambaa. Aliisogeza karibu na miwani.

Royston alisimama. Koo lake lilipanda, likashuka, likapanda tena. Kilichotoka kilikuwa chembamba na chenye kutu, kitu ambacho katika wimbo wowote kisingefika hata meza ya pili.

"Imejaa."

Wilf alishusha namba. Alitazama upande wa kaunta, waliko wanaume.

"Nani huyo?"

Noreen aliinamisha macho hadi kwenye kitambaa cha meza, asije akamsoma midomo. Alitaka kungoja kwa masikio, na masikio yake yalikuwa mabovu, kwa hiyo alishika pumzi.

"Mimi, Wilf," Royston alisema, kwa sauti ya chini kabisa. "Ni mimi."

Noreen akamsikia.