Nilivyokwenda Kupima Gesi ya Mafriji Sumbawanga

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata sokoni nikikawia najihisi nimekonda. Lakini bosi wetu wa ofisi ya serikali hapa Mbeya alisoma kwamba gesi ya mafriji ikivuja hupanda juu na kuharibu anga. Akataka makisio ya mji wa Sumbawanga.

"Friji likijazwa gesi upya, ujue ya kwanza ilivuja," alinifundisha. "Kahesabu mafriji, uliza yamejazwa mara ngapi. Ukikosea, utarudia. Ukipatia, nitakutuma Mpanda."

Nikaona nimebanwa kotekote.

"Friji la nini kule?" mke wangu alinicheka akinifungia makoti mawili. "Si wanaweka tu nyama dirishani?"

Kupita Tunduma, basi likazama topeni. Tulilisukuma wote, mimi zaidi kwa mdomo.

Sumbawanga tuliingia jioni, meno yakigongana. Nilifikia mtaa wa Katandala kwa Mzee Kipeta, balozi wa nyumba kumi. Baada ya shikamoo na ugali wa ulezi nikamweleza kazi yangu.

"Usihangaike kugonga milango, mwanangu," alisema. "Asubuhi nitapita kutangaza, watu wakuandalie."

Nikashukuru. Asubuhi yeye alitembea kwenye umande, mimi nikabaki jikoni naota moto.

Hapo ndipo nilipoharibu. Miaka ile ya Ujamaa mtu mwenye friji alikuwa na hofu ya kuitwa bepari, na balozi alitangaza tu kwamba mtu wa serikali anakuja kuhesabu.

Nyumba ya kwanza: "Friji? Sisi wakulima, ndugu." Ukutani nyuma yake palikuwa na alama nyeupe, mstatili mrefu kama friji. Nyumba ya pili, alama ileile.

Kwa Mama Oliva, muuza soda aliyehamia kutoka kwetu Mbeya, nilipata matumaini.

"Dada, wewe unauza soda baridi!"

"Baridi ya Ufipa hiyo, kaka. Mungu halipishi."

Mara nyuma ya nyumba kikasikika kishindo, kisha *fyuuuu*. Tulikimbia. Wanawe walikuwa wameezua kihenge cha mahindi na kutumbukiza friji ndani, kichwa chini. Bomba la nyuma lilikuwa limepasuka.

Mama Oliva alijishika kichwa. "Tangu nilinunue halijajazwa gesi hata mara moja! Umekuja kupima, umelimaliza! Sasa nitauza nini?"

"Nani aliwaambia mfiche?"

"Si balozi kasema mnanyang'anya!"

"Mimi nilisema kuhesabu," balozi, aliyefika mbio aliposikia kishindo, alijitetea. "Kunyang'anya wameongeza wenyewe."

Nilimwahidi Mama Oliva fundi, tena kwa kiapo. Habari ya kihenge na ya fundi ilipoenea, mafriji yakaanza kutoka mafichoni: chini ya mabua, ndani ya zizi, moja limefunikwa kama mgonjwa. Mengi yalikuwa yamekatika mabomba, yamebaki makabati.

Niliporudi Mbeya, bosi alinisikiliza kwa makini.

"Kabla hujafika, gesi iliyovuja?"

"Karibu hakuna, mzee."

"Na siku uliyofika?"

"Karibu yote."

"Chanzo?"

"Mimi."

Akaita fundi apakie mitungi ya gesi aende kwa Mama Oliva kwanza, halafu kwa wengine. Kisha akaagiza nisitumwe tena mji wowote wenye friji.

Nilichojifunza ni hiki: ukitaka kujua mambo ya nyumba ya mtu, gonga mlango mwenyewe, hata kama jikoni kuna moto.

"Bosi kakupa adhabu gani?" mke wangu aliuliza.

"Kukaa nyumbani."

Alinitazama nilivyokwisha kuvua viatu.

"Basi," akasema, "hiyo adhabu kanipa mimi."