Posa ya Besiboli kwa Tantine Brigitte

Tantine Brigitte, shangazi yetu sote, anasuka nywele hapa Troyeville, kusini kabisa mwa Afrika, na mikono yake haisimami kwa ajili ya maneno. Hata akigombana anasuka. Ilisimama mara moja tu, mwaka 2017, mwezi wa sita, baridi imetubana saluni, mwanawe Alexis alipopiga simu kutoka Amerika. Alexis alipelekwa kule akiwa mdogo, pamoja na bibi yake, kutoka kambi ya wakimbizi. Tantine alikuwa tayari huku, na hakuna aliyemuuliza kama anakubali.

"Maman, wamenichagua!"

Akaeleza. Kila mwaka timu za besiboli za kulipwa zinakaa, na kila moja kwa zamu inamtaja kijana inayemtaka. Besiboli ni ule mchezo wa kupiga mpira kwa rungu, halafu unakimbia mbio zote hizo kurudi ulikoanzia. Yeye katajwa mzunguko wa thelathini na tatu.

"Wa thelathini na tatu!" Tantine akaachia rasta za Kidawa, mteja wetu wa Tanga. "Vijana karibu elfu wametajwa kabla yako, wewe hawajakuona? Hawana macho?"

"Ni heshima, Maman. Ila nina miaka kumi na saba, bila saini yako siingii. Chuo nacho kinanitaka. Kwangu pote sawa."

"Saini? Mtoto wangu anachukuliwa tena, bila hodi? Mara hii hapana. Waje waniombe mimi."

Kidawa, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama ufagio, akapiga kigelegele. "Hongera mwenzangu! Umeletewa posa ya mtoto wa kiume!"

Tonton Évariste, kaka yake Tantine, ni mlinzi wa geti, lakini siku hiyo akakumbuka kwamba yeye ni mjomba. Akashika simu. "Ambia wazee wa timu: mbuzi, suti ya mjomba, na taa ya petroli."

"Tonton, hawa si wakwe!"

"Sasa wanakutakia nini?"

Mwezi wa saba, Alhamisi, akaja mzungu anaitwa Jacques, anayefundisha watoto besiboli upande wa Turffontein. Timu ilimtuma. Kwa lile jina Tonton akammwagia Kifaransa mpaka akaishiwa pumzi. Kumbe kwao ni Kiafrikaans, hata bonjour ilimshinda. Kwapani alibana jogoo mzima, kichwani kofia tatu za timu, moja juu ya nyingine.

"Hodi," akasema. Alexis alimfundisha.

Tantine akageuka ukutani, akajifuta macho kwa taulo la mteja. "Karibu, baba."

"Jogoo ni wa kufungulia mlango," Tonton akasema, kofia moja tayari iko kichwani kwake. "Mbuzi iko wapi?"

"Eish, nilijaribu," Jacques akajibu kwa Kiingereza. "Alikula mkanda wa gari."

Akatoa karatasi. Saini leo, maana kesho mlango unafungwa.

"Kesho?" Tantine akacheka. "Kwetu siku ya kwanza mgeni anakula. Jibu ni akirudi. Aje Jumamosi, na wakubwa wake."

Jacques akapiga Amerika. Sauti ikafoka ndani ya simu mpaka jogoo akashtuka. Akakata, akavuta kiti, akala fufu na sombe, yale majani ya muhogo, akaomba nyingine. Karatasi ikabaki chini ya sahani, bila saini.

Alexis akaingia chuo, wala hakununa. "Nikimaliza watanitaja tena, Maman."

Na Tantine, kila mteja mpya akikaa tu: "Walikuja mpaka hapa kuniomba mtoto. Nikawaambia anasoma." Kisha ndipo anakuuliza unataka ndefu au fupi.