Kati ya Cadillac na Lincoln ya Mzee

Wiki tatu baada ya baba kuzikwa nyumbani Kericho, nilikuwa bado sijalia. Mazishi niliyatazama kwenye simu, kwa kuwa karatasi zangu za uhamiaji hazikuwa tayari, na kama ningetoka Marekani nisingeweza kurudi. Yalipokwisha nilifua sare yangu, nikaenda kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa kumtunza Mmarekani mmoja katika mji wa Anoka, mgane aliyepofushwa na kisukari. Nilimwita Mzee, naye alishalizoea neno hilo. Alikuwa na magari mawili ya kifahari ya zamani, Cadillac na Lincoln. Sasa alikuwa anahamia nyumba ndogo yenye nafasi ya gari moja tu, na mnunuzi, mkusanyaji wa magari ya kale, angefika siku hiyo saa nane mchana kuchukua mojawapo.

Asubuhi hiyo alinishika mkono. "Nipeleke gereji. Uniambie yakoje."

"Mimi siyajui magari haya, Mzee."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Nikaanza na Cadillac. "Hili ni jekundu, refu mno. Nyuma lina mapezi mawili yamesimama, na taa zimechongoka. Kromu inang'aa kila mahali. Ni gari linalotaka kutazamwa."

"Na lile?"

"Jeusi. Limenyooka tu, halina madoido. Milango ya nyuma inafunguka kinyume na ya mbele."

"Wakusanyaji wengi huikimbilia Cadillac," alisema. "Lincoln huhitaji mtu mtulivu. Nifungulie."

Akaingia kiti cha nyuma bila kujigonga, mlango ulivyo mpana, akapapasa ngozi ya kiti. Akaniambia niketi naye.

"Baba yako ana gari gani?"

"Hakuwahi kuwa na gari. Alikuwa dereva wa meneja wa shamba la chai. Amefariki mwezi uliopita."

Nilisikia sauti yangu ikitoka vilevile kama ninapomsomea vipimo vyake vya sukari.

Mzee akapapasa tena ngozi ya kiti. "Aliwahi kuketi huku nyuma?"

"Hata siku moja."

Hakunipa pole. Tulikaa tu, sijui dakika ngapi, mpaka miguu yake ikaanza kufa ganzi, nikamsaidia kutoka.

Mnunuzi alipofika, Mzee alimwambia achukue Cadillac. Ilipakiwa kwenye lori, naye akasimama mlangoni akisikiliza mpaka mngurumo ulipoisha. Kisha akaomba supu.

Jumapili mwanawe Mzee, aliyekuja kumsaidia kuhama, aliniruhusu niiendeshe Lincoln kufuata barabara ya kando ya mto. Nilimfungulia Mzee mlango wa nyuma, akaupita akipapasa, akafungua wa mbele, akaketi kando yangu.

"Twende, dereva mwenzangu," akasema.

Sikulia. Ila nilipunguza mwendo, na magari ya nyuma yakaanza kutupita moja moja.