Sato wa shangazi waliomkimbilia korongo

Wakuu, habari za humu. Haya yalitokea nyumbani kwetu Kibeta, Bukoba, na sitaongeza chumvi. Yenyewe yanatosha.

Ilikuwa miaka ya baada ya vita, na juliana, ndivyo tulivyouita ukimwi, ilikuwa inamaliza watu. Mimi na wadogo zangu tulibaki na shangazi. Ng'ombe hakuwa nao. Alikuwa na bwawa la sato nyuma ya migomba, na hiyo ndiyo ilikuwa mboga yetu.

Sasa hao sato walizaliwa mle, wazazi wao mle, babu zao mle. Ukikanyaga ukingoni tu wanakuja midomo wazi. Shangazi anawamwagia pumba huku akiwasalimia kwa Kihaya.

Hofu? Hawakujua ni kitu gani.

Akaja korongo.

Wakuu, korongo alipoingiza miguu majini, sato WAKAMKIMBILIA. Walidhani chakula kimefika. Kilikuwa kimefika kweli, ila mlaji hakuwa wao. Ndege akawa anachagua kama mtu aliyealikwa harusini.

"Mawe! Watoto watakula nini?" shangazi akapiga kelele. Mawe kwa Kihaya ni "mama yangu!"

Ta Byabato, mchuuzi wa samaki kutoka visiwa vya Muleba, aliposhuhudia alicheka hadi akakaa chini. "Ma, hawa hawana akili. Umewadekeza mno."

Shangazi hakukubali. Akapasua kichwa cha sato wake na cha sato wa ziwani ili alinganishe ubongo. Akakodoa macho weee. Bongo zote mbili kama punje ya harage.

"Hata huyu wako si msomi," akamjibu.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba samaki wakifugwa vizazi na vizazi woga hupungua, na mara nyingi hata ubongo huwa mdogo kuliko wa wenzao wa ziwani. Bwawa tupu lisilo na mawe wala majani nalo linachangia. Ila kwa macho ya shangazi tofauti hiyo isingeonekana.

Ta Byabato akatuletea sato wazima wa ziwani ndani ya pipa. Tukatupa mawe na matawi majini. Waliozaliwa baada ya hapo walikuwa viumbe wengine kabisa! Kivuli cha korongo kikipita, bwawa linakuwa kama halina kitu. Korongo akashinda amesimama, akaondoka na njaa yake.

Tukashangilia.

Tatizo ni kwamba na sisi hawakututaka. Shangazi anaita, kimya.

"Mimi niliyewalea!" Alinuna wiki nzima.

Krismasi tukazungusha wavu tangu asubuhi, wapi! Mara akatokea sato mmoja mzee, wa kizazi kile cha zamani, kajileta mwenyewe, mdomo wazi. Tukamdaka. Mate yalitutoka.

Shangazi akamtazama, akamrudisha majini.

"Huyu haliwi. Ndiye pekee anayenisalimia."

Tukala maharage.

Nilichojifunza: ukimwondolea kiumbe kila cha kuogopa, unamwondolea na akili ya kukimbia. Ukimrudishia hiyo akili, usishangae akikukimbia na wewe.

Wenye mabwawa humu, wenu wanajificha au wanawapokea wageni? Semeni tulinganishe.