Kichwa Changu Kilikuwa Dawa

Binti wa saluni amefungua chupa ya mafuta meusi ya kokwa za ngazi, matunda ya mchikichi, na ile harufu yake ya kuungua imenirudisha chini kwenye mkeka, katikati ya magoti ya mama.

Ugonjwa ulikuwa umempooza mkono wa kuume. Tulitoka Wamaza kwa pikipiki mpaka hospitali ya Kasongo, mimi nimebanwa kati yake na dereva. Nilidhani atapigwa sindano. Kumbe muganga wa viungo hakuwa nayo. Alimuuliza tu:

"Mama, mbele ya ugonjwa, huu mukono ulikuwa unapenda kufanya nini?"

"Kusuka huyu mutoto."

Akaweka kiganja juu ya kichwa changu. "Basi dawa yako iko hapa. Musuke, fungua, musuke tena. Kila siku."

Nikawa dawa. Vidole vyake vilitetemeka, vikapoteza nywele, vikazitafuta upya. Mistari ilipinda kama njia ya Kabambare, na shuleni walinicheka. Sikujali. Alinisuka mpaka jua kuzama, na muda wote huo pumzi yake ilikuwa shingoni mwangu.

Kisha mkono ukapona. Siku hiyo mistari yote ilinyooka, na jua lilikuwa bado juu.

"Simama, mwanangu, nimemaliza!" alisema kwa furaha.

Sikusimama. Nilipapasa kichwa. "Mama, huku kumepinda," nikamdanganya.

Akapitisha kidole juu ya mstari, polepole, mwanzo hadi mwisho. Kisha akaanza kufungua.