Gia ya Cherehani Kutoka Matinyani

Mimi na mume wangu tulikuwa na karakana ndogo Mwingi, kando ya barabara ya Garissa, na kila lori likipita mabati yalitetemeka. Mashini yetu ya milling, ile ya kuchongea vyuma, tuliinunua ikiwa kuukuu. Yeye alikata, mimi nilipima, na kwa miaka mingi hatukuhitaji kuongea sana tukiwa kazini. Sasa yeye ameondoka duniani, na kimya kile ndicho ninachokitamani.

Namkumbuka zaidi mama mmoja aliyetoka Matinyani na cherehani yake ya umeme, ameifunga kwa leso. Gia yake ya nailoni ilikuwa imepasuka. Alikuwa anamshonea kitinda mimba wake gauni la harusi, na harusi ilikuwa Jumamosi ile. Madukani aliambiwa spea yake haiji tena, anunue cherehani nyingine. Lakini ile aliachiwa na marehemu dada yake, na hakuweza kuitupa.

Mume wangu alimkaribisha kiti. Tulikuwa na bonge la nailoni lililobaki kutoka kazi ya kutengeneza pampu. Akalifunga kwenye mashini, akaanza kukata meno kwa kasi tuliyoizoea. Muda si muda plastiki ikapata joto, ikayeyuka na kujizungusha kwenye kisu kama chingamu, na karakana nzima ikanuka. Akazima mashini. Alisimama tu, mkono kiunoni, bila kumtazama yule mama.

"Imeharibika?" mama akauliza.

"Hiyo imeharibika, mwaitu," mume wangu akajibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Lakini nailoni bado iko. Tutaenda polepole."

Akaweka kisu kingine chenye makali, akapunguza mwendo. Mimi nikachukua pampu ya baiskeli, nikawa napuliza hewa pale kisu kilipogusa, ili pasipate joto. Sasa plastiki ilitoka nyepesi, nyeupe, ikatua kwenye nywele zetu. Yule mama akacheka, akasema tumeota mvi mbele ya macho yake.

Jino la mwisho lilipokamilika, mume wangu alitaka kuijaribu gia papo hapo. Nikamkumbusha kwamba plastiki yenye joto huwa imevimba kidogo, basi tukaiacha ipoe huku tukinywa chai, na mama akitusimulia jinsi dada yake alivyomfundisha kushona. Kisha tukaifunga ndani ya cherehani. Mama akatoa kitambaa, akashona mstari mmoja mrefu, akaupapasa kwa kidole. Akainamisha kichwa, akatuombea pale pale katikati ya vyuma.

Jumamosi tulifunga karakana, tukaenda Matinyani. Bibi harusi alipoingia kanisani na gauni lile, mume wangu alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu. Hakuniachilia hadi keki ilipokatwa.