Mwarabu na Mkamba wa Tumbo Moja

Zaki hakai. Ukiingia dukani kwake, kwenye kile kichochoro karibu na Msikiti wa Jamia wanakouza kofia, kanzu na mafuta ya udi, utamkuta amesimama. Kiti kipo, tena kizuri, cha kuzunguka, na mto juu yake. Kila asubuhi anakifuta vumbi kama anamngojea mgeni wa heshima. Yeye mwenyewe atapanga kofia, atazipangua, atatoka mlangoni kuangalia barabara ambayo haijabadilika tangu alipoiangalia mara ya mwisho, kisha atarudi kuzipanga tena. Majirani husema ana funza miguuni. Waongo hao. Ana swali, na swali lile linamwasha kuliko funza yeyote.

Babake, marehemu Mbarak, alitoka Mji wa Kale, Mombasa. Alikuwa mweupe wa kuungua jua, na pua ndefu ya kuchungulia ya watu. Mamake ni Kamene, binti wa mzee Kitavi wa Mwala, Ukambani; aliposilimu akaitwa Saleha, na mpaka leo majina yote mawili anaitikia. Watoto wao ni wawili tu. Zaki alitoka mweusi tititi kama babu Kitavi, na paji lile lile la uso. Nisreen, aliyemfuata, akachukua rangi ya baba, nywele za baba, na maskini, hata ile pua. Tumbo moja, godoro moja, sufuria moja ya ugali.

Siku Kamene alipowapeleka shule kule Kabiria, mtaa wao wa Nairobi, mwalimu aliyekuwa anaandikisha watoto alimtupia Zaki jicho, akasema, "Huyu Mkamba." Akamgeukia Nisreen. "Huyu Mwarabu."

"Mwalimu, hawa ni ndugu," Kamene akasema. "Mama ndiye mimi, na baba yao ni mmoja."

Mwalimu akamwangalia kwa huruma, vile watu humwangalia mwanamke anayeficha jambo. "Mama, mimi naandika ninachoona."

Jioni ile nyumba moja ililala na makabila mawili. Mbarak aliposimuliwa alicheka mpaka akakohoa. Zaki hakucheka. Alikaa akaunyoosha mkono wake karibu na wa dadake, akaugeuza juu, akaugeuza chini, halafu akainuka akaenda nje. Nafikiri hapo ndipo alipoanza kusimama.

Basi akakua hivyo. Akienda Mwala, binamu zake wanamwita Mswahili, kwa sababu Kikamba chake kinachechemea na nyama hali mpaka aulize nani amechinja. Akienda Mombasa harusini, wageni wanampa mabegi ayabebe. Kabiria wanamwita Mkamba wa Kofia. Akajifunza ujanja: kwa wateja wa Pwani alijitambulisha Zaki Mbarak, kwa watu wa Ukambani Zaki Kitavi, na akikutana na wote wawili pamoja alikumbuka ghafla kwamba ana safari.

Dukani ndiko kichekesho kilikokomaa. Juu ya mlango pameandikwa jina la Mbarak kwa rangi ya dhahabu. Mteja anaingia, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, anamruka Zaki kama anavyoruka dimbwi.

"Kijana, mwenye duka yuko wapi? Yule Mwarabu?"

"Ametoka kidogo," Zaki hujibu, maana kubishana kila siku kunachosha. Siku akiwa na utundu wake hupita mlango wa nyuma, akavaa kofia ya vito ya bei mbaya, akaingia tena kwa mbele: "Naam, nimefika." Kuna bibi mmoja wa Eastleigh alifurahi sana siku moja. Akamwambia huyu mwenye duka ana adabu, tofauti na yule mfanyakazi wake aliyekuwa hapa sasa hivi.

Mchekeni tu. Yeye pia alicheka, akiwa amesimama.

Sasa Nisreen akapata mchumba, Mujahid, kijana mpole wa ukoo wa watu wanaohesabu mababu mpaka Hadhramaut. Walipendana wenyewe, na wazee wa Mombasa wakasema watakuja Nairobi kuposa. Shangazi Ummulkheir, dada wa marehemu Mbarak, akadai wageni wapokelewe kwake Woodley, maana barabara ya Kabiria ingewavunja kiuno kabla hawajafungua mdomo. Hapo hakuna aliyebisha. Lakini shangazi alikuwa na jambo jingine, akamwita Zaki jikoni akiwa anachambua mchele.

"Mwanangu, walii wa Nisreen ni wewe. Baba hayuko, babu hayuko, ndoa haipiti bila wewe. Hilo najua."

"Ndiyo, shangazi."

"Lakini walii huweza kuweka wakili. Mweke Hisham. Yeye ni binamu, amesoma, anafanya kazi Westlands kwenye jumba la vioo. Ajua kusema na wale wazee."

"Mimi pia najua kusema, shangazi."

"Wajua, mwanangu. Ni macho yao." Akaendelea kuchambua mchele, jiwe huku, punje kule, bila kumwangalia. "Wataanza maswali. Huyu nani, ametoka wapi, mbona yuko hivi. Wamharibie mtoto bahati yake kwa sababu ya upuuzi. Kaa nyuma siku moja tu. Kwa ajili ya Nisreen."

Zaki akakubali. Alitoka pale akatembea kwa miguu kutoka Woodley mpaka Kabiria, akapita Adams, akapita Kawangware, akipishana na watu bila kuwaona. Waarabu na Wakamba walikuwa wamemkana maisha yake yote, na alikuwa amezoea. Hili lilikuwa geni. Safari hii angejikana mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu: aseme si yeye, ni Hisham. Na akikataa, dadake anaweza kumkosa mtu anayempenda. Hakumwambia Nisreen. Usiku alikunywa maji, akarudi kitandani, akaamka akanywa tena.

Siku ya posa, viti na hema vililetwa Woodley na Kibe, mtoto wa Kabiria, rafiki wa Zaki tangu enzi za kupiga mpira wa makaratasi. Huyu Kibe ni Mkikuyu wa kwa kina Wangeci, nyuma ya kinu cha unga, na Jumapili anapiga ngoma kanisani. Ila Mungu alimuumba mweupe kama chapati ambayo haijageuzwa, akampa na ndevu za kujaa. Alipokuwa akisaidia kuteremsha sufuria ya pilau, mchuzi ukamwagikia shati lote. Kamene, mama wa watu, hakuweza kumwacha mgeni aking'aa mafuta. Akaingia chumbani, akatoka na kanzu ya marehemu mumewe aliyokuwa ameichukua kwa dobi njiani. "Vaa hii, Kibe, wakati nafua."

Zaki alikuwa anaingia na kreti ya soda. Akamwona mtu amesimama ukumbini akimpa mgongo, kanzu imemkaa mabegani, shingo nyeupe imechomoza. Kreti ikamponyoka kidogo. Kwa nukta moja alimwona babake amerudi.

"Buda, niaje?" Kibe akageuka. "Hii kitu inanibana kwapa, lakini si nimependeza?"

"Umependeza," Zaki akasema. Yeye aliwahi kuijaribu kanzu hiyo mbele ya kioo mara baada ya mazishi. Akaonekana kama mtu aliyeazima. Mwana wa mwenyewe, damu yake, na nguo ikamkataa. Sasa mpiga ngoma wa kanisani ameivaa, nayo imemkubali. Akaenda akapanga soda. Akazipangua.

Hisham akapiga simu kwamba yuko Westlands kwenye mzunguko, magari hayasogei, mvua imemwaga. Shangazi akajibu kwa sauti ya chini iliyojaa vitisho. Na kabla hajakata simu, wageni wakapiga hodi.

Waliingia kwa udi na salamu ndefu. Mbele alikuwa Mzee Aboud, ami yake Mujahid, kilemba safi, fimbo ya kichwa cha fedha. Nyuma yake vijana. Wanawake walikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Ukumbini palikuwa na Zaki mlangoni, trei ya sharubati mikononi, na Kibe kwenye kochi kubwa, ambako alikuwa ameketi kumalizia sahani ya kaimati aliyopewa ya kumpoza.

Mzee Aboud akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akamruka Zaki kama anavyoruka dimbwi. Akaenda moja kwa moja kwa Kibe.

"Asalaam aleikum, mwanangu! Mashallah. Sura ya Mbarak hii, haifichiki."

Kibe, mdomo umejaa kaimati, akaitikia kwa kichwa. Wale vijana wakainama mmoja mmoja wakambusu mkono, mkono uliotoka kubeba viti. Kibe akaona ni tabia nzuri, akawaachia. Akamtazama Zaki aone kama amekosea, lakini Zaki alikuwa ameganda na trei yake. Pazia lilisogea kidogo, jicho la shangazi likachungulia. Jicho lile lilisema: nyamaza, Hisham yuko njiani.

Na mzee akaanza. Wallahi alijua kusema! Akamshukuru Mola, akamswalia Mtume, akataja mababu wa Mujahid mmoja baada ya mwingine, akaeleza jinsi damu njema hutafuta damu njema, na macho yake hayakumwacha Kibe. Zaki akahama mguu huu, akahama ule.

"Kwa hivyo, mwanangu," mzee akahitimisha, "tumekuja kwa heshima, tunakuomba utupe dada yako."

Kibe akameza. "Dada yangu? Wangeci aliolewa kitambo, mzee. Ako Kinoo, na watoto."

Mzee Aboud akaishusha fimbo yake.

"Wangeci?"

"Eeh. Mimi ni mtu wa viti."

Kijana mmoja kati ya wale waliobusu mkono akajifuta mdomo polepole. Mzee Aboud akageuza shingo chumba kizima, akatafuta mweupe mwingine, asimwone. "Basi walii wa binti ni nani hapa?"

Jicho la pazia lilikuwa bado palepale. Zaki angeweza kusema, anakuja, ametoka kidogo. Maneno hayo aliyajua vizuri kuliko jina lake. Yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Akaiweka trei mezani.

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Zaki."

"Zaki wa wapi?"

Hapo ndipo siku zote alipochagua. Kitavi au Mbarak, Mwala au Mombasa. "Wa Mbarak na Kamene," akasema. "Kabiria. Nisreen ni mdogo wangu."

Mzee akamkagua kuanzia juu kwenda chini, na kurudi. "Kwa baba mmoja?"

Swali la mwalimu, na miaka yote hii limezeeka tu na kuvaa kilemba. Mtu atajithibitishaje? Avue ngozi?

Pazia likavutwa. Shangazi Ummulkheir akatoka mpaka kati ya wanaume, mtandio kichwani, mikono bado na harufu ya vitunguu.

"Kwa baba mmoja, Aboud. Mimi nilimshika kabla mamake hajamshika. Mbarak alimwadhinia sikioni mwenyewe, akalia, na hakuwa mtu wa kulia. Nilitaka umkute Hisham mbele kwa kuwa nakujua." Akavuta pumzi. "Na najijua. Sasa kama una neno juu ya rangi ya mwanangu, anza na kioo cha kwenu."

Hilo ndilo ambalo Zaki, kwa kihoro chake chote, hakuwa ameliona. Akalitazama sasa. Mzee Aboud, mtu wa mababu wa Hadhramaut, alikuwa mweusi. Mweusi kabisa, kama yeye, kama babu Kitavi. Ule mkono kwenye fimbo ya fedha, ukiondoa saa, ungeuweka karibu na wake usijue wa nani ni upi. Na mkono ule ndio uliompita kwenda kumtafuta mweupe.

Mzee naye aliangalia huo mkono wake. Akakohoa. "Nimekosea, mwanangu," akasema, na sauti ilikuwa imepungua kimo. "Nisamehe."

"Hakuna neno, ami. Lakini ile posa umempa mtu wa viti."

"Na mimi sijakubali," Kibe akasema, akiinuka kumpisha kochi. "Wallahi, nilikuwa nafikiria."

Watu wakacheka, mzee akiwa wa mwisho. Zaki akaketi, na Mzee Aboud akairudia hotuba yake yote tangu kumshukuru Mola. Safari hii ya damu njema aliiruka.

"Nitamuuliza mwenyewe," Zaki akajibu, kama inavyopasa.

"Usiulize!" Sauti ya Nisreen ikatoka nyuma ya pazia, na wanawake wakamzomea kwa kicheko. "Mimi namtaka Mujahid. Lakini Zaki, nimesikia tangu mwanzo. Siku ya ndoa mkono wake utashikwa na wewe, unioze mwenyewe. Ukinitumia Hisham, siolewi!"

Hisham alifika wakati wa kukusanya sahani, suti imeloa. Akapewa pilau.

Kanzu ilirudi Kabiria na doa la kaimati kifuani, ambalo Kamene amelisugua bila kulimaliza. Jumatatu Zaki akaivaa kwenda dukani. Bado inamkaa kama ya kuazima, doa na yote. Alipanga kofia, akazipangua, akatoka mlangoni, akarudi. Kisha akakivuta kile kiti cha kuzunguka, akaketi.

Mteja akaingia, mtu wa Lamu kwa lafudhi yake. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Kijana, mwenye duka yuko?"

"Ndiye huyu."

"Namaanisha mwenyewe. Yule Mwarabu."

Chini ya meza mguu mmoja ulikuwa unataka kuinuka. Zaki akaukanyaga kwa mwenzake.

"Ndiye huyu huyu, bwana. Kofia ya kichwa gani?"